Mdomo Niliowakodishia Wageni

Nilifika Kamembe, Rwanda, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mchele. Safari ilikuwa imeanzia Kalemie, ambako nilikwenda baada ya sekondari kutafuta kazi ya ualimu nikaishia kupanga abiria kwenye boti. Kutoka huko nilipanda boti ya mizigo hadi Uvira, nikalala kwa rafiki ambaye hakufurahi kuniona, nikapata lori la kupandisha bonde hadi Kamanyola, nikavuka mpaka kwa miguu na begi moja, na Bugarama nikampigia magoti dereva wa pikapu ya mchele. Bugarama joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Tulipomaliza kupanda milima nilikuwa natetemeka kwa baridi, na punje za mchele zilikuwa zimeingia hadi kwenye soksi. Nilidhani nitakaa wiki mbili, nimsalimie Maman, mama yangu, kisha niendelee na dunia. Nilikaa karibu miaka ishirini, na dunia sikuiona tena isipokuwa kupitia midomo ya watu wengine.

Maman alikuwa ametangulia. Babu na bibi walimtoa Rwanda akiwa mgongoni, akakulia Kongo, akatuzalia huko, na uzeeni akarudi nyumbani ambako hakukukumbuka hata mti mmoja. Alipata nyumba ndogo Gihundwe, hapo hapo Kamembe. Mimi ni kifungua mimba wake, na alinipa jina la Jonasi, halafu akashangaa kwamba natangatanga.

Ninyi vijana mnaoshika kazi hii ya ukalimani mmeniomba niandike yale niliyojifunza. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu. Msicheke. Wakalimani huisha mapema kama wacheza mpira, na koo ndilo goti letu.

Siku yangu ya kwanza sikuiomba. Jumapili yangu ya pili Gihundwe, mhubiri mgeni kutoka Bukavu alisimama na Kiswahili chake, na mkalimani wa kanisa, Mzee Silasi, fundi cherehani, alikuwa amepotewa na sauti. Mchungaji akatazama huku na huku. Maman akasimama, akaninyanyua kwa kola ya shati.

"Mutoto yangu anajua zote mbili," akasema.

Nilijua zote mbili, ila Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Nilijua kusema sufuria inaungua na wewe mtoto utanimaliza. Neno la utakaso sikuwa nalo. Nikapanda. Mhubiri akaanza kutoa ushuhuda wake, na mimi nyuma yake.

"Nilikuwa mlevi."

Nikasema nilikuwa mlevi.

"Nilimpiga mke wangu mpaka majirani wakaja."

Nikasema hayo pia, kwa sauti kubwa, maana niliogopa wa nyuma wasinisikie. Baada ya ibada, akina mama wawili walimshika Maman mkono wakamwambia watamwombea mkamwana wake. Sikuwa na mke. Kulikuwa na binti mmoja wa kwaya niliyekuwa nimeanza kumsalimia tangu Jumapili ya kwanza, na sikumsalimia tena, kwa sababu kila nikikaribia alivuka barabara.

Nikaenda kwa Mzee Silasi kulalamika. Alikuwa kwenye cherehani, anatia kitambaa, ananong'ona kwa koo lake lililokwaruzwa.

"Ungesema nini? 'Yeye anasema alimpiga mke wake'?"

"Ndiyo, Mzee. Watu wangejua ni yeye."

"Wangejua kuna watu wawili mbele. Mkalimani akionekana, kazi imeharibika. Akisema mimi, sema mimi. Akipiga magoti, piga magoti. Akilia, lia. Ukimaliza, nenda nyumbani ukale."

Kila kitu ninachokijua kilitoka kwenye kile kibanda cha cherehani. Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa ukucha, chini ya ulimi. Peremende hapana, zinaleta mate. Leso mbili, moja ya jasho na moja ya machozi, usizichanganye. Simama nusu hatua nyuma ya msemaji, upande wa mkono asiourusha, maana wahubiri wana mikono. Usivae tai nzuri kuliko yake. Na kubwa kuliko yote: wakati wa maombi usifunge macho. Watu wote watafumba, wewe utazame midomo ya anayeomba, kwa sababu akiomba anasema haraka na anameza maneno. Nilifuata. Kwa karibu miaka ishirini nimesimama mbele ya makanisa yaliyofumba macho, mimi peke yangu nikitazama, kama mwizi.

Kazi haikuwa ya kanisani tu. Niliwatafsiria mabwana shamba huko Nyakarenzo, na kwa kuwa koo langu lilikuwa limeshazoea mimbari, ugonjwa wa mihogo niliueleza kwa namna ambayo wakulima walijibu Amina na mzee mmoja akatubu. Nilitafsiri posa, ambako nilikataa ng'ombe niliyekuwa natamani wakubali, maana nilikuwa na njaa na pombe ilikuwa inasubiri. Mara moja, kwenye zahanati ya mlimani, nilimtafsiria mama mmoja mfanyabiashara wa Bukavu. Mama akasema, nami nikamwambia muuguzi bila kupepesa: "Nina mimba ya miezi mitano na mtoto ananipiga mateke usiku." Muuguzi aliweka kalamu chini, akatoka nje, nikamsikia akicheka hadi kwenye bomba la maji. Tangu siku hiyo, nikipita pale, huniuliza mtoto anasoma darasa la ngapi.

Nilikuwa najivunia kazi hiyo. Nilijiona bomba safi: maji yanaingia huku yanatokea kule. Kama kuna dhambi ya bomba, hiyo ndiyo niliyokuwa nayo.

Halafu akaja Madame Solange.

Alikuwa mtafiti, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia ng'ambo, mwanamke mrefu mwenye viatu vya matope. Alikuwa amekaa miaka mingi msituni akifuata sokwe, na sasa alikuwa amehamia kwenye msitu wetu mdogo upande wa pili wa vilima. Sayari alizisoma kwa mapenzi yake, kwa sababu alisema swali ni lilelile, ukiliuliza juu ya mti au juu ya nyota: je, tuko peke yetu? Shule moja ya Kamembe ilimwalika Jumamosi mchana azungumze na wanafunzi, wazazi na majirani. Yeye alisema Kifaransa, mimi Kiswahili, kwa kuwa nusu ya ukumbi walikuwa watu waliovuka kutoka Bukavu au waliokulia huko kama sisi.

Maman alikuja na marafiki zake wa kanisani. Kwao, mkusanyiko wowote ambao Jonasi amesimama mbele ni ibada. Walikuja na Biblia. Walikaa benchi la kwanza. Mmoja alikuwa ameshika sadaka mkononi na alikuwa anatafuta kikapu kwa macho.

Madame akaanza na nyota. Akaeleza kwamba zile tunazoziona ni majua, na kwamba wataalamu wamegundua nyingi kati yake zina sayari zake, nyingine za mawe kama dunia, zilizo mbali kiasi kwamba mwanga wenyewe unasafiri miaka kutufikia. Mimi nikayasema kwa koo la Jumapili, maana koo jingine sina.

"Na tukitazama huko," akasema, "tunajiuliza kama tuko peke yetu."

Nikasema, nikanyamaza kidogo kama nilivyofundishwa.

"Hatuko peke yetu," akajibu Maman kutoka benchi la kwanza.

"Amina," wakasema wenzake.

Madame aliniuliza kwa Kifaransa wamesema nini. Nikamwambia wanamfuatilia kwa makini.

Akaja kwenye sokwe. Akasema zamani watu waliandika orodha ndefu ya mambo ambayo binadamu peke yake anayaweza, na kwamba kila akikaa msituni mwaka mmoja, mstari mmoja unafutika. Wanatengeneza vijiti vya kuvulia mchwa. Wanagombana na kupatana. Wana huzuni. Hapo benchi la kwanza halikusema Amina, ila halikukasirika pia. Rafiki ya Maman alinong'ona kwamba bwana yake hajui kupatana, afadhali apelekwe huko akajifunze.

Ningeishia hapo ningekuwa bado kazini. Lakini mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza swali ambalo sisi watu wazima tulikuwa tunalizungukia.

"Madame, wewe unasali?"

Madame hakukimbia. Alifikiri, akajibu polepole, na mimi nikajibu polepole nyuma yake, nusu hatua, na ile sauti yangu ya ushuhuda.

"Hapana," nikasema. "Mimi sisali. Nilisali nikiwa mtoto, na mama yangu aliniombea kila asubuhi. Sasa nikitazama juu, sijui kama kuna anayesikia. Sijui. Nimechoka kujifanya najua."

Vijana wangu, sijawahi kutafsiri vizuri vile. Hata kale ka-mkwaruzo kwenye neno mama nilikaweka mahali pake. Nikatazama benchi la kwanza kuona kama kazi imefika, na kazi ilikuwa imefika. Maman alikuwa anafunga kitenge chake. Akachukua Biblia, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka.

Nilimkuta nyumbani anachambua sombe, kisamvu chetu, majani anayavunja kama yamemkosea.

"Maman, ile haikuwa mimi. Ni Madame."

"Nani alisema mimi sisali?"

"Ni mimi nilisema, lakini mimi ile si mimi."

"Jonasi, niko na masikio."

"Ni kazi, Maman. Akisema mimi, nasema mimi. Hata Mzee Silasi alikuwa hivyo. Siku ile niliposema nampiga mke, uliamini?"

"Ile siku nilikuwa sijue ndani yako kuko nini. Ulikuwa umetoka Kalemie." Akavunja jani jingine. "Nimekuangalia hii miaka yote kanisani. Bantu bote banafunga macho, weye unaangalia. Nilikuwa najiambia, pengine ananiangalia mimi."

Nikamweleza juu ya midomo ya mhubiri na maneno yanayomezwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Maman ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, ndiyo maana anaogopwa.

"Sawa," akasema. "Ile ya samedi, ya Madame, haiko yako. Na ile ya dimanche, ya kanisa? Wakati unasema 'mimi nimeokoka, mimi namupenda Bwana,' machozi inashuka, leso mukononi. Nayo haiko yako?"

Nikageuka pembeni kumtafuta msemaji wa kunitangulia; palikuwa na majani ya sombe tu.

"Ile ya samedi haiko yako, ile ya dimanche haiko yako," akasema. "Sasa ya kwako iko wapi? Nitakufa, Jonasi. Mbele nikufe nataka nijue mutoto yangu anasema nini na Mungu. Sitaki ya Pasteur. Sitaki ya Madame."

Kesho yake hakukuwa na mhubiri mgeni wa kutafsiriwa, na wazee wa kanisa walikuja Jumatatu, kwa upole. Walitaka jambo dogo: Jumapili ijayo nisimame niseme kwamba maneno ya Jumamosi hayakuwa yangu, kisha niendelee na kazi. Lilikuwa jambo rahisi na la kweli. Nilikubali. Usiku nikajaribu kulisema kitandani, na kila nikilisema nilisikia swali la Maman likifuata nusu hatua nyuma. Kama ya Jumamosi si yangu, basi ya Jumapili nayo si yangu, na wapo watu waliobatizwa kwa sauti yangu. Niwaambie nini hao?

Nilimtuma mtu aseme kwamba Jumapili naumwa koo. Watu waliamini, kwa sababu ya taaluma.

Maman naye alikuwa na mpango wake. "Mulete ule mama hapa," akaniambia. "Dimanche, kisha ibada. Muntu ananinyanganya mutoto, nimuone akikula."

Madame Solange alikuja na viatu vyake vya matope, akavivulia mlangoni. Alikuwa amesikia kwamba amemletea mtu matatizo na hakujua ni matatizo gani. Akaketi. Nikaketi katikati, na kwa mazoea nikasogeza kiti nyuma kidogo. Sombe ilikuwa bado jikoni, bugali nao, sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, zilikuwa zinakaangwa na mtoto wa jirani akichungulia kwa harufu.

Nilitegemea vita. Maman alikuwa na swali lake moja, na amelibeba wiki nzima.

"Umuulize," akasema, "alisema ile nyama, sokwe, iko na huzuni. Alionea wapi?"

Madame akasema, na mimi nikasema: "Nilimwona mama sokwe ambaye mtoto wake alikufa kwa ugonjwa. Hakumwacha. Alimbeba mgongoni, anatembea naye, anamfukuzia nzi. Wengine walimngojea njiani."

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho Maman na mimi hatujawahi kukizungumza. Nilikuwa na mdogo wangu, Neema. Alifia hospitalini Uvira kwa malaria, na hakukuwa na gari la kukubali kubeba maiti kwa pesa tuliyokuwa nayo. Maman akamfunga mgongoni kwa kitenge, akamfunika kichwa, kama mtoto aliyelala. Mimi nilibeba beseni. Njiani watu walitusalimu. "Mtoto amelala?" Maman alijibu, "Amelala." Alijibu hivyo mpaka nyumbani.

Nilipomaliza ile sentensi ya mama sokwe, niligundua nimeitafsiri bila sauti yoyote. Bila mimbari, bila mkwaruzo. Nilikuwa nimeisahau kazi.

Maman alitazama mikono yake.

"Alimubeba siku ngapi?"

"Wiki kadhaa," nikasema nyuma ya Madame. "Mpaka alipoweza kumweka chini."

"Bengine bote walimungojea?"

"Walimngojea."

"Sisi hawakutungojea," akasema Maman. Kisha: "Umuambie mimi pia nilibeba."

Nikamgeukia Madame nikasema kwa Kifaransa, mimi pia nilibeba. Madame hakuuliza ni nani aliyebeba. Alinyoosha mkono juu ya meza, na Maman akaushika, na kwa muda hawakuwa na haja ya mkalimani.

"Na kule mbali," akauliza Maman, "kwenye zile dunia zingine. Kama kuna mama kule, naye atabeba?"

Madame alicheka kidogo, akapangusa pua. "Sijui," akasema, na mimi nikasema sijui.

"Pasteur yetu hajawahi sema hajui," akasema Maman. Hakulisema kama lawama. Nilidhani atamwambia kitu zaidi, lakini alinyanyuka akaleta chakula, akapakua, akaketi, akanitazama.

"Jonasi, ombea chakula."

"Mimi?"

"Uko unaona Jonasi mwingine? Kwa mudomo yako. Na ufunge macho."

Nikafumba. Ni giza jingi sana huko ndani kwa mtu asiyezoea. Hakukuwa na midomo ya kutazama. Nikaomba kwa Kiswahili, lugha niliyokulia.

"Mungu," nikasema.

Nikanyamaza. Haikuwa ibada, ilikuwa ugonjwa wa kazi: nasema kipande, nasimama, namwachia nafasi mwenzangu. Nafasi ikakaa tupu. Sambaza zikapoa. Maman amekaa benchi la kwanza miaka yote hiyo, na kumbe hawezi kuvumilia nafasi tupu baada ya sentensi, kama vile wengine hawawezi kuvumilia mlango ulio wazi. Nikamsikia pembeni yangu, nusu hatua nyuma, kwa Kinyarwanda chake cha kusali, akilirudia neno langu:

"Mana."

Nikashtuka, nikaendelea, sasa nikiwa na mkalimani.

"Asante kwa chakula na kwa mgeni."

Akasema hivyo kwa Kinyarwanda.

"Nimesema na wewe kwa maneno ya watu miaka mingi."

Akasema nimesema na wewe kwa maneno ya watu, na hakusema amesema. Mzee Silasi angefurahi.

"Kama uliwahi kunisikia mimi mwenyewe, sijui."

Hapo nilijua anapima. Maman hajawahi kuwa na shaka; alimwambia Mungu asante jioni ile ile ya Uvira, beseni likiwa bado mlangoni. Angeweza kulirekebisha neno, na wakalimani wabaya hurekebisha. Ningelisikia, lakini nisingemlaumu.

"Simbizi," akasema Maman. Sijui. Alilisema kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ndogo, na halikuwa na sauti ya kazi. Kisha akalirudia, na mara ya pili sikuwa nimesema kitu; hilo lilikuwa lake. "Simbizi."

Nikasema Amina kwa sababu sikujua namna nyingine ya kutoka. Akasema Amina. Hiyo ndiyo siku niliyoacha kazi, na sijapanda mbele ya watu tena.

Nilipofumbua, Madame alikuwa ananitazama. Aliinama kwangu akauliza kwa Kifaransa mama yako amesema nini pale mwisho, mara mbili. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama mlango wa duka. Nikaufunga, nikamsogezea sahani ya sambaza, nikamwambia chakula kinapoa.